Bi Pimbi na Wenza Wake Wakubwa

Wewe uliyeegemea mlango, ndiyo, wewe, hebu sema: umewahi kuuziwa hofu, ukaibeba mwenyewe mpaka nyumbani, na asante ukatoa?

Unacheka. Haya, cheka. Sogea ndani, na mniitikie wote.

Paukwa!

*Pakawa!*

Palikuwa na nini?

*Palikuwa na bwawa!*

Bwawa la nani?

*La wote!*

Na anayeoga ndani?

*Mmoja!*

Na tumbo lake?

*Halina mwisho!*

Ehe. Sasa mmeamka.

Hapo kale, wala si kale sana, maana hotuba zilikwisha kuwako, palikuwa na bonde, na bondeni palikuwa na bwawa, na ndani ya bwawa alikaa Bwana Kiboko. Juu ya bwawa palikuwa na mwamba, na juu ya mwamba alikaa Bi Pimbi na watoto wake wawili. Pimbi mnamjua: mdogo, mviringo, miguu mifupi, mkia hana. Kazi yake ilikuwa moja tu, ameirithi kwa mama yake, na mama yake kwa bibi yake. Alikaa juu ya mwamba akatazama mbingu. Akimwona Tai, alipiga mluzi: fyuuuuu! Na bonde zima, kila mwenye mtoto alimsukumia mtoto wake kichakani bila kuuliza.

Bila kuuliza, nasema. Kwa sababu Bi Pimbi, tangu azaliwe, hakuwahi kupiga mluzi wa bure. Huo ndio uliokuwa utajiri wake. Utajiri mwingine hakuwa nao.

Basi mwaka huo mvua zikachelewa. Bwawa likapungua. Likapungua tena. Na bwawa lilipopungua, sauti ikaanza.

Vuuuuum!

Ilitoka kwenye matete, ng'ambo ya pili, asubuhi wanyama wanapoteremka kunywa. Vuuuuum! Mchanga ukatetemeka chini ya kwato. Swala huku, ngiri kule, nyani juu ya miti.

Bwana Kiboko akainuka majini, maji yakimchuruzika mashavuni. Akasema, "Jamani, msikimbie. Mimi nipo."

"Ni nani huyo anayenguruma, Bwana Kiboko?"

"Ni Yule wa Matete."

"Yule wa Matete ndiye nani?"

"Nikiwaambia, hamtalala."

Basi hawakuambiwa, na hawakulala vilevile.

Kesho yake Kiboko akatangaza. Kwa usalama wao, upande wa maji safi umefungwa. Watakunywa kule kwenye tope, wachache wachache, naye akiwalinda. Na kwa kuwa mlinzi naye ana tumbo, kila ajaye kunywa aje na tikiti. Wanyama wakaenda porini, wakatafuta matikiti mwitu, wakayaviringisha mpaka bwawani. Kiboko akafungua kinywa. Kacha! Tikiti zima. Kacha! Jingine. Wanyama wakanywa tope, wakasema, "Ahsante, Bwana Mlinzi."

Na ajabu ya hofu ni kwamba ikishaingia nyumbani, aliyeileta hana tena haja ya kuilisha. Wenye nyumba huilisha wenyewe. Ngiri akasema amemwona Yule wa Matete kwa macho yake, ana pembe tatu. Nyani akasema, pembe zipi, yule ana mabawa.

Bi Pimbi alisikia yote hayo kutoka juu ya mwamba. Alitazama. Kutazama ndiko alikokujua. Akaona jambo: kila sauti inapotoka, kichwa cha Kiboko hakionekani. Kila kichwa cha Kiboko kinapoonekana, sauti haitoki.

Akatazama siku ya pili. Vilevile. Akatazama siku ya tatu, na moyo ukaanza kumpiga, du du du, kama wa mtu aliyefungua mlango asiopaswa kuufungua.

Akateremka mpaka kwenye matete kumwuliza Chura.

"Aa, hiyo?" Chura akasema, akipepesa macho. "Ni mzinga. Mzinga wa nyuki wa zamani, ulianguka kutoka kwenye mgunga ukakwama humu. Kiboko huzamia, huja chini kwa chini, hutia pua, hupuliza. Sisi tunaishi ndani yake. Mjomba wangu amekuwa kiziwi."

"Mbona hamkusema?"

"Tunasema kila siku! Tunasema mpaka koo zinavimba. Nyinyi mnasema vyura wanapiga kelele."

Bi Pimbi akarudi juu mbio, miguu pata pata pata, moyo du du du. Akamkuta shoga yake Mama Digidigi amekaa kwenye mlango wa pango, mtoto wake amemlaza mapajani. Mtoto alikuwa analamba jiwe, kwa sababu jiwe lilikuwa baridi.

"Mwenzangu," Mama Digidigi alisema, "huyu tope limemkataa. Akinywa, anatapika. Leo hata kutapika hatapiki."

Bi Pimbi akamtazama mtoto. Akawatazama wake wawili, midomo imewapasuka. Akamweleza shoga yake habari za mzinga, kwa sauti ya chini sana.

Mama Digidigi akaruka. "Basi twende barazani! Twende sasa hivi tukaseme!"

"Tukaseme? Na nyuma yangu atasimama nani?"

Hapo lazima niwaeleze desturi ya bonde lile. Barazani hasemi asiye na mwenza. Mwenza ni anayesimama nyuma yako unaposema, na sharti awe mkubwa kuliko wewe. Swala akitaka kusema, amtafute Pofu. Pofu akitaka kusema, amtafute Nyati. Tembo, nyuma yake husimama kivuli chake. Na ukisema jambo la kweli bila mwenza, ni kama hukusema. Na ukisema uongo mbele ya mwenza mkubwa, hayo huitwa maoni. Msiniulize aliyeweka desturi hiyo. Hata leo namtafuta.

"Mimi nitasimama," Mama Digidigi akasema. "Mimi ni mkubwa kuliko wewe."

"Kwa masikio tu, shoga."

"Sasa tutafanyaje? Tungoje wafe?"

Bi Pimbi akauzunguka mwamba mara moja. Halafu akasema, "Siendi barazani. Nafungua Kituo."

"Kituo cha nini?"

"Cha Utafiti wa Sera za Usalama."

"Sera ndiye mnyama gani?"

"Hakuna amjuaye. Ndiyo maana watamheshimu."

Kikafunguliwa hapohapo. Idara ya utafiti ilikuwa upande wa mashariki wa mwamba, na idara ya sera upande wa magharibi. Mkurugenzi, ambaye alikuwa Bi Pimbi, na watafiti, ambao walikuwa Bi Pimbi, walihama idara kwa kufuata kivuli.

Sasa wenza.

Bi Pimbi akaenda kwa Tembo, miguu pata pata pata, moyo du du du. Akamkuta anabandua gome la mgunga.

"Shikamoo, Mzee Tembo."

"Marahaba. Nani anaongea?"

"Ni mimi, mzee, huku chini. Natoka Kituo cha Utafiti wa Sera za Usalama. Tunatafuta wenza."

Tembo akaacha kutafuna. "Wenza wa kufanya nini?"

Bi Pimbi akaokota kipande cha gome, akakipangusa. "Wa kushirikiana, mzee."

"Kushirikiana katika nini?"

"Katika... katika kujenga ushirikiano."

Tembo akafumba macho, akatafakari kwa muda mrefu. "Hilo ni jambo zito," akasema. Kisha akafumbua jicho moja. "Nani mwingine amekubali?"

Na hapo, jamani, neno likatoka lenyewe. Bi Pimbi hakulituma. "Nyati," akasema.

"Nyati! Nyati kanitangulia?"

"Alikuja mwenyewe, mzee. Mimi hata sikumwita."

"Kesho asubuhi nakuja kupaka chapa," Tembo akasema. "Na mwambie Nyati asizoee."

Kupaka chapa ni hivi: mnyama anayekubali kuwa mwenza hugaagaa kwenye tope, kisha husugua ubavu wake kwenye jiwe la yule aliyemkubali. Tope likikauka, limeandikwa.

Bi Pimbi akakimbia kwa Nyati kabla jua halijapinda, miguu pata pata pata, moyo du du du, akiomba Mungu Tembo asipate kiu akapita huko. Nyati alikuwa amelala, nzi wamemjaa usoni.

"Vituo, vituo," Nyati akasema bila kuinua kichwa. "Kila siku mdogo mmoja anafungua kitu. Niondokee."

"Sawa, mheshimiwa. Mzee Tembo alisema hivyohivyo, kwamba wewe hutaweza."

Nyati akainuka, nzi wakaruka wote kwa pamoja. "Tembo yumo?"

"Ndiye aliyeanza."

"Kaanza bila mimi? Na chapa yake ataipaka wapi?"

"Juu, mheshimiwa. Mzee ni mrefu."

"Basi yangu iwe pana."

Akaja jioni, Tembo akiwa amepangiwa asubuhi. Bi Pimbi alihakikisha hivyo. Mwamba ukapata chapa mbili, moja juu, moja pana. Twiga alipoziona kutoka mbali akaja bila kuitwa, akasugua shingo juu kabisa, akaondoka. Siku chache tu, na mwamba wote ulikuwa na tope la wakubwa. Wapita njia walisimama wakatazama, wakasema, "Lo! Kituo hicho." Kinafanya nini, hakuna aliyeuliza. Na nyinyi pia hamjauliza, nimewaona.

Mama Digidigi alifurahi mpaka akacheza. Bi Pimbi hakucheza. Kila alipofumba macho aliona jambo moja: Tembo na Nyati wamekutana njiani, mmoja anasema "Wewe ndiye uliyeanza," mwingine anasema "La, ni wewe." Kituo chake kilisimama juu ya miguu miwili, na kila mguu uliamini kwamba mwingine ndio uliokanyaga chini.

"Unajitafuna bure," shoga yake akasema. "Si umewapata?"

"Nimewapata. Ndilo linalonitisha."

Kisha siku moja sauti ikamwita kutoka bwawani. Si ile ya matete. Ya mwenyewe.

"Pimbi! Teremka hapa."

Akateremka. Hakukimbia safari hii. Akasimama ukingoni, mahali ambapo kinywa cha Kiboko kingemfikia bila taabu.

"Naona tope la kila mtu kule juu," Kiboko akasema. "Langu liko wapi?"

"Tuliona haya, Bwana Mlinzi."

"Haya ya nini?"

"Wewe mambo ya usalama ndiyo kazi yako. Tukuweke ubavuni kama Twiga? Wewe tulikutengea nafasi ya mgeni rasmi."

Masikio madogo ya Kiboko yakazunguka. "Mgeni rasmi anafanya nini?"

"Anakula wa kwanza, anasema wa mwisho."

"Anakula nini?"

"Matikiti ya wenza wote."

"Hm. Wapi?"

"Juu ya mwamba, kwenye warsha."

"Juu ya mwamba kuna jua."

"Ndiyo, Bwana. Hata Mzee Tembo alisema tukuhurumie. Alisema yeye anaweza kuichukua hiyo nafasi, ngozi yako ni laini."

"Nani ana ngozi laini?" Kiboko akatoa pumzi, na Bi Pimbi akalowa mwili mzima. "Mwambie nakuja. Mwambie pia matikiti yawe mabivu."

Akarudi kwa Chura, akiwa bado amelowa. Wakapanga. Siku ya warsha Kiboko atakuwa juu ya mwamba, nchi kavu, mbele ya wote. Atakapomtaja Yule wa Matete, vyura wote watakuwa wameingia mzingani, na watalia kwa pamoja. Tuone atasema nini.

"Ni hilo tu?" Chura akauliza.

"Ni hilo tu. Na chapa yenu nitaiweka..."

"Tope tunalo, dada. Nenda kapumzike."

Siku ikafika. Jua lilichomoza likiwa limekwisha kasirika. Wenza wakapanda mwamba. Bi Pimbi akamweka Tembo kulia na Nyati kushoto, na katikati yao akamsimamisha Twiga, ili wasipate kunong'onezana. Matikiti yakapangwa mbele. Kiboko akapanda wa mwisho, taratibu, akihema, tumbo likiburuta vumbi. Kacha! akaanza. Kacha! Kacha!

Tembo akafungua. "Ndugu mgeni rasmi, ndugu wenza, itifaki imezingatiwa. Napenda kuchukua fursa hii..." Akaichukua fursa hiyo, akakaa nayo mpaka vivuli vikafupika. Alizungumzia changamoto. Alizungumzia kujengeana uwezo. Nyati akafuata. Naye itifaki aliizingatia, na kwa kuwa Tembo alisema mengi, yeye akasema mengi zaidi. Ndege wawili wakalala wakaanguka kutoka mtini.

Kiboko alikuwa amemaliza matikiti. Jua lilikuwa utosini. Ngozi yake ilianza kutoa lile jasho jekundu la viboko, likimtiririka shingoni. Alitaka kuondoka, lakini mgeni rasmi anayeondoka kabla hajasema atasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Akavumilia.

Na chini bwawani, mtoto wa Mama Digidigi akaona maji safi. Akatazama huku, akatazama kule. Mlinzi hayupo. Akateremka, hatua moja, nyingine, akainamisha shingo akanywa. Watoto wa Ngiri wakamwona, wakateremka. Watoto wa Swala wakateremka. Na wale wawili wa Bi Pimbi, waliokuwa wameambiwa wakae pangoni, hao nao! Chubwi, chubwi, chubwi. Ukingo wote wa bwawa ukajaa watoto, vichwa chini, makalio juu.

Bi Pimbi aliwaona kutoka juu. Akawahesabu mmoja mmoja kwa furaha. Halafu akakumbuka.

Vyura.

Chura akisikia kishindo cha miguu ukingoni, hunyamaza. Hata kishindo cha mtoto. Si woga, ndivyo alivyoumbwa, kila mtu aliyewahi kupita karibu na maji anajua. Yeye Bi Pimbi, mtazamaji, mkurugenzi, mtafiti wa idara zote, alikuwa amelisahau jambo ambalo hata mtoto wake analijua.

Kiboko akainuka. "Wenzangu," akasema, "sitasema mengi, jua ni kali. Mko hai kwa sababu yangu. Mnakunywa kwa sababu yangu. Kama si mimi, Yule wa Matete angekwisha kuwala, na hata hivi sasa, nawaambia, yuko kule, anatusikiliza!"

Akawapitishia macho mmoja mmoja ili maneno yaingie.

Bi Pimbi akangoja. Kimya. Matete hayakutikisika. Akangoja. Kimya, ila chubwi, chubwi, kwa mbali.

Na Twiga, ambaye hakuwahi kusikiliza hotuba yoyote hadi mwisho, akaona majani mazuri upande wa pili akaondoka zake. Nyati akamsogelea Tembo.

"Mzee," akasema, "nilikuwa nataka kukushukuru. Ulipoanzisha jambo hili hukunisahau."

"Nilipoanzisha?" Tembo akasema. "Mimi niliambiwa wewe ndiye uliyeanzisha."

"Uliambiwa na nani?"

Wakatazamana. Kisha polepole, kama milango miwili mizito, vichwa viwili vikageuka kumtazama Bi Pimbi.

"Haya, nimemaliza," Kiboko akasema. "Ngozi inaniwaka. Nashuka majini."

Akaanza kugeuka. Akigeuka tu, atawaona. Atateremka mbio, na Kiboko anayeteremka mbio hachagui pa kukanyaga. Ukingo umejaa watoto.

Bi Pimbi alikuwa na kitu kimoja tu. Mnakijua. Alichoachiwa na mama yake, kisicho na doa hata moja. Alijua kwamba akikitumia hapa, hakitarudi kama kilivyokuwa. Siku Tai wa kweli atakapokuja, mtoto mmoja atasimama kwanza atazame juu kuhakikisha, na Tai huhitaji muda huohuo tu. Alijua hilo. Aliwaza hata atakuwa mtoto wa nani.

Akajaza kifua.

Fyuuuuuuu!

Ukingo ukalipuka. Watoto wakatawanyika, huku na kule, kichakani, pangoni, chini ya mizizi. Kabla hamjapepesa, ukingo ulikuwa mtupu, kishindo kimekwisha. Mtoto wake mdogo alikimbilia kwenye ufa wa mwamba, karibu na miguu ya mama yake. Akachungulia juu. Mbingu ilikuwa buluu, tupu, hakuna hata kunguru. Akaitazama mbingu, kisha akamtazama mama yake. Bi Pimbi akaangalia pembeni.

"Nini tena?" Kiboko akasema, amesimama nusu amegeuka. "Tai yuko wapi? Mimi sioni..."

Vuuuuum!

Ilitoka kwenye matete. Ilikuwa nene kuliko siku zote, ina koo arobaini ndani yake.

Vuuuuum!

Wenza wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Maswali ya nani alianza na nani alifuata yakawatoka vichwani. Tembo masikio yakasimama. Nyati akalamba pua. Lakini hakuna aliyestuka kama Kiboko. Alifungua kinywa, kikabaki wazi, kipande cha tikiti kikamdondoka.

"Ni yeye!" Nyati akanong'ona. "Yule wa Matete! Bwana Mlinzi, ni yeye!"

"Siye," Kiboko akasema.

"Siye vipi? Umesema sasa hivi anatusikiliza."

"Nimesema, ndiyo, lakini..."

Vuuuuum!

"Mgeni rasmi," Tembo akasema, akijisogeza nyuma ya Kiboko, jambo ambalo si dogo kwa Tembo, "tangulia. Sisi tunasimama nyuma yako. Wenza wako wote, tuko nyuma yako."

Na kweli walikuwa nyuma yake, Tembo na Nyati, na Twiga amerudi, na wengine, wamejipanga, wanamsukuma kwa vifua. Hatua moja kuelekea bwawani. Nyingine. Miguu yake ikawa inateleza juu ya jiwe. Jasho jekundu likamtiririka mpaka chini.

"Msinisukume! Siingii!"

"Hayo ni maji yako, Bwana Kiboko."

"Siingii! Kuna kitu mle!"

"Si ndivyo unavyotuambia kila siku?"

"Niliwaambia, lakini hakikuwepo!"

"Sasa kimetoka wapi?" Bi Pimbi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na nyuma yake hakuna aliyesimama. "Tuambie, Bwana Mlinzi. Sisi ni watafiti, tunauliza tu. Kabla ya leo, huyu aliyekuwa akinguruma ni nani?"

Vuuuuum!

"Mimi!" Kiboko akalia, akajibwaga chini juu ya mwamba, macho kwenye matete. "Ni mimi! Nilipuliza mzinga! Nilizamia nikapuliza mzinga, kila asubuhi, ili mkimbie, ninywe maji safi peke yangu nile matikiti yenu! Hakuna Yule wa Matete! Nilimtunga mimi, mimi mwenyewe, kwa pua yangu hii!"

Ngano yangu naitua hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni yule mliyekuwa mnamfikiria nilipokuwa nasimulia.

Na funzo lake, maana najua mtauliza: enyi wenye vituo, ushirikiano wa kudumu hujengwa kwa ukweli, uwazi na kuaminiana, na kamwe haujengwi kwa hila.